Boti ya Saa Nne na Dakika Kumi

Kuta za chumba cha Revocatus zilianza kutoa maji siku ya Alhamisi, na kufikia Jumapili hapakuwa na kitu kikavu humo ndani isipokuwa kopo la kahawa. Ndivyo Guangzhou inavyokuwa mwezi wa tatu: joto linarudi kabla baridi haijaaga, na nyumba zinatoka jasho kuanzia sakafuni. Sesilia alifuta meza, akafuta simu ya mezani, akafuta ukuta alikobandika ratiba, na alipogeuka matone yalikuwa yamesharudi. Aliyachukia kama unavyomchukia mgeni asiyejua kuondoka.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita Machi, mwaka 2006, saa tisa na nusu alasiri. Kwa hesabu ya Sesilia, Italia ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Kaka yake Revocatus alipaswa kuwa ameshakunywa chai kwenye hoteli ndogo karibu na stesheni, ameshavaa koti lake jeusi, na ndani ya mfuko wa koti kuna kifurushi cha ganda la mgomba chenye buni kumi na mbili kutoka nyumbani.

Tuanze na hizo buni, maana bila hizo hapana safari wala boti. Kwao Bukoba kahawa hutafunwa kabla haijafikiriwa kunywewa. Mgeni akifika anapewa punje chache, akamwani, mwenye nyumba anachukua zake, wanatafuna pamoja, ndipo mazungumzo yanaanza. Asiyepewa kahawa katika nyumba hiyo si mgeni wala si ndugu. Basi mwaka 1981 dada yao mkubwa, Benedicta, alimkimbia mchumba aliyechaguliwa na wazee, akaenda kwa masista. Baba yao akasimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Kahawa yangu hutaitafuna. Na wa kwangu yeyote asikupe." Akafa mwaka 1994 bila kulifuta neno lile. Benedicta alikuja mazikoni na shela yake ya utawa, akasimama kando na majirani, na kopo la kahawa lilipopitishwa mkono kwa mkono, lilimruka.

Neno la baba hufutwa na mtu mmoja tu, yule aliyerithi kiti chake. Halifutwi kwa barua wala kwa simu. Mrithi anaweka punje kwenye kiganja cha aliyekatazwa, wanatafuna wote wawili, limekwisha. Lakini aliyekatazwa akifa kabla ya hapo, neno haliozi naye kaburini. Linamhamia yule aliyeizuia kahawa isimfikie. Hivyo ndivyo walivyolelewa, na hata Sesilia, aliyekuwa akisomea shahada ya pili kwa ufadhili, mtu wa takwimu na majedwali, hakuwahi kulitaja jambo hilo huku akicheka.

Mrithi alikuwa Revocatus. Miaka kumi na miwili alikuwa na kiti, alikuwa na kahawa, alikuwa na dada. "Mwakani," alikuwa akisema. "Nikirudi na mzigo huu." "Nikimaliza kuezeka." Hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa na kinyongo na Benedicta; ugonjwa wake yeye ulikuwa kuahirisha. Mama yao alimwambia mara ngapi kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo? Alicheka, akampa mama kanga, akapanda ndege kurudi China.

Mwezi wa kwanza ikaja barua. Aliyeiandika ni Sista Natalia, Mwitaliano aliyekaa Kagera miaka ishirini akarudi kwao na Kiswahili chake chote. Benedicta alikuwa amepelekwa kutibiwa kwenye nyumba kuu ya shirika lao, kando ya Ziwa Como, na saratani ilikuwa imeshavuka mahali pa kutibika. "Anaomba kitu kimoja," Sista aliandika. "Mnakijua."

Revocatus aliisoma barua akiwa amekaa juu ya marobota ya jinzi. Safari hii hakusema mwakani. Alimpigia Sesilia bwenini kwake akamwambia, "Nipangie."

Na hapo ndipo Sesilia alipofurahi, Mungu amsamehe. Alikuwa anasomea usafirishaji, na wafanyabiashara wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, walimwita Mama Ratiba. Aliyetaka kwenda Shiling kununua mikoba, aliyetaka kuwahi viwanda vya jinzi Xintang na kurudi kabla ajenti hajafunga, wote walimpigia Sesilia, naye aliwapa basi, saa na kituo cha kushukia. Hakuwahi kukosea. Mtu asiyewahi kukosea ni wa kuogopwa kuliko mwongo, ila hilo hakuna aliyemwambia.

Alishinda kwenye mgahawa wa intaneti siku nne. Ziwa lenyewe kwenye ramani lilikuwa na umbo la suruali: kiuno juu, miguu miwili chini. "Hili si ziwa, hii ni oda ya Xintang!" Revocatus alicheka alipoliona. Treni ya kutoka Milano ingemfikisha kwenye mji ulio chini kabisa ya mguu wa kulia. Nyumba ya masista ilikuwa juu, kiunoni, na mbele yake kulikuwa na gati dogo. Jumapili boti ya kwenda huko iliondoka saa nne na dakika kumi, ikafika saa tano na dakika tano. Iliyofuata ilikuwa ya saa sita na dakika arobaini.

Viza ilitoka mapema, angeweza kwenda Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Lakini Revocatus alikuwa na kontena bandarini Huangpu linalofungwa tarehe ishirini na mbili, na jinzi za watu wengine zilikuwa humo. "Wiki moja tu," alisema, akimtazama dada yake kwa jicho la kuomba. Sesilia angeweza kusema hapana. Badala yake aliangalia karatasi zake akasema, "Afadhali hata. Tarehe ishirini na sita ratiba mpya ya boti inaanza. Ile ya baridi ina boti moja tu asubuhi, tena ya alfajiri." Wakakubaliana, kila mmoja akiwa amepata sababu yake.

Chini ya ratiba hiyo mpya kulikuwa na mstari wa maandishi madogo ya Kiitaliano. Sesilia alikuwa amefasiri ukurasa mzima kwa kamusi, neno kwa neno. Mstari ule aliuacha. Alidhani ni habari za baiskeli na mbwa.

"Nisikilize kaka," alimwambia siku ya kuondoka. "Kuna boti nyingine hapo hapo gatini, ya saa tatu na dakika kumi. Hiyo inazunguka kwenda mguu wa kushoto, hairudi mpaka jioni. Ukiipanda, siku imekwenda. Usiipande hata wakubembeleze."

"Mimi?" Revocatus alisema. "Miaka sita Xiaobei, unanifundisha mimi? Anayekuita kwa haraka anakupeleka anakotaka yeye." Kisha akafungua kopo la kahawa, akahesabu buni kumi na mbili za safari, akamwachia Sesilia tatu. "Nikirudi tutatafuna tukiwa watu huru," alisema.

Sasa alikuwa huko, na Sesilia alikuwa hapa, akiishi safari ile kwa kidole kwenye jedwali.

Saa kumi kasorobo mama mwenye nyumba aligonga. Alikuwa amebeba beseni la vitu vya karatasi, maana sikukuu ya Wachina ya kufagia makaburi ilikuwa imebaki siku kumi hivi, na unyevu ulikuwa unamharibia. Alitaka kuazima feni. Sesilia alimpa, akachungulia beseni kwa adabu. Kulikuwa na viatu vya karatasi, simu za karatasi, noti, na juu kabisa saa ya mkononi ya karatasi ya dhahabu, ya kumchomea marehemu aende nayo. Mishale yake ilikuwa imechorwa saa nne na dakika kumi.

Sesilia alijua kwamba saa zote za matangazo huchorwa hivyo. Alizijua, alikuwa ameziona madukani kwa mamia. Hata hivyo alipofunga mlango alifuta mikono kwenye sketi kana kwamba ameshika kitu.

Simu ililia saa kumi na dakika saba.

"Mama Ratiba!" Ilikuwa sauti ya Revocatus, kubwa, yenye furaha. "Niko gatini. Hapa kuna kibanda cha simu na kadi yangu inakubali. Baridi ya huku usiniulize."

"Shikamoo kaka. Saa yako inasema ngapi?"

"Marahaba. Saa tatu na dakika saba. Si ulisema niwahi kwa saa moja? Nimewahi. Niliirekebisha jana palepale uwanja wa ndege Milano, sawasawa na saa yao ya ukutani." Alicheka. "Sasa sikia. Kuna boti hapa inataka kuondoka. Jamaa wa kamba ananipungia mkono, anapiga kelele sì, sì, ndiyo ndiyo kwa lugha yao, njoo njoo."

Sesilia aliweka kidole kwenye jedwali. Saa tatu na dakika kumi, mguu wa kushoto. Ilikuwa pale pale, wino mweusi, ingawa unyevu ulikuwa umeanza kuivuta karatasi upande mmoja.

"Hiyo siyo yako," alisema. "Ndiyo ile niliyokuambia. Subiri yako."

"Ndivyo nilivyofikiri. Tena huyu jamaa ana haraka kama wale madalali wetu. Ila kuna kitu, Sesi. Kengele ya kanisa ilipiga dakika chache zilizopita, nikazihesabu. Zimepiga kumi. Kwa saa yangu zilitakiwa tisa."

Hapo kulikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Mtu mwingine, mtu mwenye shaka kidogo na akili yake, angeuliza. Wao wawili walizaliwa kwenye nchi ambako jua huchomoza saa ile ile Januari mpaka Desemba, wakaja kuishi kwenye nchi ambako saa haiguswi na mtu. Haikuwa imewapitia akilini, hata kwa ndoto, kwamba kuna watu wanaoamka siku moja na kuamua wote kwa pamoja kwamba saa tatu ni saa nne.

"Kengele za misa hazihesabiwi, kaka," Sesilia alisema. "Zinalia tu. Subiri."

"Haya. Nampungia mkono aende zake." Kikasikika king'ora cha boti, kirefu, ndani ya simu. "Imeondoka. Maskini, bado ananitazama. Nitakupigia nikiwa naingia kwenye yangu."

Sesilia alikata simu akahisi raha ya mtu aliyezuia kosa. Akaketi. Raha hiyo ilikaa kama dakika tano, kisha ikaondoka bila sababu, na mahali pake pakaingia kitu kingine, baridi, kisichokuwa na jina. Alisimama akaifuta ratiba. Pembe ya chini ilikuwa imebanduka, na wino wa mstari ule mdogo ulikuwa umeanza kuchuruzika ukutani. Aliubandika tena kwa kidole gumba, akaushikilia, lakini haukushika.

Saa kumi na moja na robo ilipita, na simu haikulia. Kwa hesabu yake kaka alipaswa kuwa ndani ya boti tangu dakika tano zilizopita. Labda kadi imekwisha, alijiambia. Labda amekimbilia nafasi ya dirishani.

Saa kumi na moja na dakika ishirini ikalia. Alikuwa Sista Natalia.

"Sesilia, mwanangu." Sauti ya bikizee huyo ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. "Kaka yenu amekataa kuja?"

"Hapana, Sista! Yuko njiani. Atafika huko baada ya kama dakika arobaini na tano."

"Kwa boti gani?"

"Ya saa nne na dakika kumi."

"Mwanangu, hiyo imekuja. Imefika saa tano na dakika tano, robo saa iliyopita. Benedicta alituomba tumwinue kwa mito ili aione ikifunga gatini. Ana wiki nzima anaisubiri boti hiyo. Walishuka watu watatu, wazungu watupu. Akaitazama mpaka ikaondoka. Kisha akasema, 'Basi neno la baba limesimama.' Akageukia ukutani."

"Haiwezekani," Sesilia alisema. "Sasa hivi huko ni saa nne na dakika ishirini."

"Ni saa tano na dakika ishirini." Na kisha, taratibu, kama anayegundua kitu sakafuni na kuogopa kukiokota, Sista Natalia alisema, "Ee Mama Maria. Saa zimesogezwa mbele usiku wa jana. Hufanywa kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi. Miaka ishirini nimekaa kwenu, na sikukumbuka kuwaambia."

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini kuna majuto yanayokuja yakiwa tayari babu. Sesilia alitaka kumpigia kaka, na hakukuwa na namba ya kupiga. Simu ya kaka ya China haikushika mtandao kule. Aliuona mkono wake mwenyewe ukiwa juu ya mstari ule wa chini, ule aliouacha bila kuufasiri, ambao sasa ulikuwa doa tupu.

"Mwekee simu sikioni," alisema. "Tafadhali, Sista."

Ikasikika pumzi, nzito, yenye mapengo. Sesilia akazungumza Kihaya, lugha ya jikoni kwao. Alimwambia dada yake kwamba Revocatus yuko gatini na buni mfukoni. Kwamba hajakataa. Kwamba aliyemzuia asipande ni yeye Sesilia, kwa sababu ya saa, kwa sababu ya karatasi. "Ningoje, dada. Mngoje. Saa sita na dakika arobaini kuna boti." Alirudia mara nyingi hadi sauti ikakauka. Pumzi iliendelea vilevile, na haikujulikana kama dada alimsikia.

"Anapumua tu," Sista alisema alipochukua simu.

Revocatus alipiga saa kumi na moja na nusu. "Sesi, boti yangu mbona haionekani? Watu wa ratiba wamekudanganya?" Sesilia akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudia, na ilibidi aseme mara mbili kwamba boti ile, ile aliyompungia mkono, ndiyo iliyokuwa yake. Kwa mbali kengele ya kanisa ilipiga mara moja, ya nusu saa.

"Tafuta teksi, kaka. Zunguka kwa barabara."

"Nimepita stesheni asubuhi," alisema. "Jumapili. Hakuna hata gari moja." Akakata.

Alitafuta, hata hivyo. Baadaye ilijulikana kwamba alikimbia mji mzima na koti lake jeusi akisimamisha magari, na watu walimwogopa. Mwishowe alirudi gatini akapanda boti ya saa sita na dakika arobaini. Boti ilipokuwa katikati ya ziwa, Benedicta alikata roho. Sista Natalia alimpigia Sesilia saa moja kasoro dakika tano. Hakusema maneno mengi, na Sesilia hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama Benedicta aligeuka kutoka ukutani. Sista alisema hapana.

Chini barabarani taa za maduka zilikuwa zimewaka na watu wa Xiaobei walikuwa wanabishana bei kama kawaida. Sesilia alikaa na kopo la kahawa mapajani. Kwao, mtu wa nyumbani akifa, unatafuna punje moja kwa ajili yake, na huongei mpaka imelainika. Hata mwanamke anaweza, hata mdogo, hata aliye mbali. Alifungua kifuniko. Buni tatu zilikuwa kavu kabisa. Aliweka moja mdomoni, chungu, yenye harufu ya moshi wa jiko la mama, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza siku ile.

Simu ililia kabla hajaing'ata.

"Nimeiweka," alisema Revocatus. Sauti yake haikuwa ile ya marobota na utani. Ilikuwa ya chini, nzito, na Sesilia, aliyekuwa mtoto mdogo baba yao alipokuwa akisimama mbele ya ukoo, aliitambua. "Nimeiweka kahawa kwenye kiganja chake. Kiganja hakikufunga. Buni zikamwagika sakafuni, masista wakaziokota."

"Kaka."

"Nani aliniambia nisubiri?"

Miaka kumi na miwili, Sesilia angeweza kusema. Miaka kumi na miwili na kontena moja. Angeweza kuihesabu miaka hiyo na kuiweka mezani mbele yake, mmoja mmoja, na kuuliza saa moja ina uzito gani mbele ya miaka hiyo yote. Lakini aliyekuwa akiuliza ndiye aliyekalia kiti, na anayekalia kiti hapimwi kwa mizani ile ile.

"Mimi," alisema.

Nyuma ya kaka akasikia masista wakianza kusali rozari.

"Zile tatu nilizokuachia," Revocatus alisema.

"Zipo."

"Usizitafune."

"Mpaka lini, kaka?"

Aliisikia pumzi yake, akasikia anavyotafuta neno, na kwa muda mfupi alidhani angelipata. Kisha simu ikawekwa chini, taratibu, kule ng'ambo.

Sesilia aliitoa buni mdomoni. Ilikuwa nzima, imeloa mate. Aliitazama kwenye kiganja chake, akairudisha koponi pamoja na zile mbili kavu, akafunga kifuniko, akachukua kitambaa na kuanza kufuta ukuta.